Bi Ashatu Kwenye Chupa

Watu wa Bagamoyo tuna kipaji kimoja ambacho hakuna atakayetunyang'anya: tunajua habari ya mtu kabla mwenyewe hajaijua. Bi Ashatu binti Mwinshehe aliambiwa kwamba amekuwa bia akiwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono imezama kwenye beseni la mabungo, na kufikia hapo mji mzima ulikuwa umeshachoka kuisema.

"Dada, umeshajiona?" mdogo wake, Arafa, alimwuliza kabla hata ya kuvua viatu.

"Nimejiona wapi?"

"Baa."

Bi Ashatu akacheka. Mwanamke mtu mzima, mjane, hajakosa tarawehe tangu avunje ungo, anaambiwa yuko baa. Angefanya nini kingine? Ndipo Arafa akafungua mkoba, akatoa chupa iliyoviringishwa gazeti. Chupa tupu, aliapa ameiokota njiani. Juu ya lebo alichorwa mwanamke wa khanga, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bungo, ana mwanya, ana kidoti kidevuni upande wa kushoto. Chini yake herufi kubwa: BI ASHATU. Na chini zaidi, kwa wenye macho mazuri: Bia ya Msimu wa Mabungo.

Bi Ashatu akashika kidevu chake, upande wa kushoto. Kidoti kilikuwepo.

Sasa tuelewane kuhusu huyu mama, maana wapo watakaodhani ni muuza juisi tu. Juisi anauza, tena karibu na stendi, na watu wa Dar wameshasimamisha magari ya ofisi pale kwa safari ambazo ofisi haizijui. Lakini heshima yake haikai kwenye juisi, inakaa kwenye mwiko. Kila Mfungo Sita, mtaa wao unaposoma Maulidi, sufuria kubwa la pilau huwa chini ya mkono wa Bi Ashatu. Kabla yake alikuwa mama yake, na kabla ya mama yake, bibi yake. Mwiko wenyewe ni wa mvule, mrefu kama kasia, na mwaka mzima hulala uvunguni mwa kitanda umefungwa khanga safi. Marehemu mumewe, Masoud, alikuwa akilalamika kwamba mkewe akiamka anautazama mwiko kabla ya kumtazama yeye. Hakusingizia.

Aliyemtia kwenye chupa anaitwa Maganga. Ni kijana wa Kinyamwezi, kazaliwa Tabora, kakulia Dar, kasomea mambo ya benki, kisha akaacha kazi ya kiyoyozi akasema moyo wake uko kwenye chachu. Wazazi wake lazima walifurahi sana. Akaja kukodi ghala kuukuu kwenye barabara ya kwendea Zinga, akaweka matangi yanayong'aa na baa ndogo ya kuonjea, akatangaza kwamba yeye anapika bia kwa mkono. Sisi tukauliza wengine wanapika kwa nini, kwa miguu?

Bia za kawaida unaagiza, unakunywa, unautukana mpira, unakwenda kulala. Za Maganga unaelezwa kwanza. Ipo ya masika, yenye tangawizi, eti ya kupasha mwili wakati wa baridi ya Bagamoyo. Sisi tuliozaliwa hapa hiyo baridi bado tunaisubiri. Ipo ya kiangazi, yenye ukwaju. Ipo moja ilitiwa mchaichai na chumvi ya bahari, ikasemwa kwamba inaacha kumbukumbu ya pwani, na walioinywa waliikumbuka kweli, hasa asubuhi yake. Kila msimu bia mpya, na kila bia mpya watu wanakuja kutoka Dar na miwani ya jua, wanainusa, wanafumba macho, wanasema wanasikia udongo. Udongo! Tunaufagia kila siku uani na hatujapata kumwuzia mtu.

Msimu wa mabungo ulipofika, Maganga akaenda kwa Bi Ashatu kununua. Akauziwa, na mama mwenyewe akayasindikiza magunia kwa bajaji mpaka ghalani. Aliyaona matangi. Aliisikia harufu. Hakuuliza kitu, kwa sababu ukiuliza unajibiwa, na ukishajibiwa inakubidi ufanye jambo. Akajiambia kijana huyu anapenda juisi.

Lakini kilichowaponza wote wawili si mabungo, ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo halina mjadala, tangu babu zao walipokutana hapahapa, mmoja kaja na mzigo kichwani, mwenzake kakaa kivulini anamtazama. Mtani wako atakutukana, atakamata kuku wako mbele ya macho yako, na wewe unatakiwa ucheke. Ukikasirika umeshindwa, unatozwa faini.

"Shikamoo, mtani," Maganga alikuwa akimwamkia.

"Marahaba. Mzigo umeutua wapi leo, mpagazi?"

"Nimeutua kwako, maana nyie Wazaramo mnapenda kubebewa. Ngoma jana mmecheza mpaka saa ngapi?"

Wateja walikuwa wanakuja kwa ajili ya juisi na kubaki kwa ajili ya hayo. Siku moja Maganga akamwambia, "Ipo siku nitakutia kwenye chupa, mtani, nikuuze."

"Nitie! Ila jina langu uliandike lote, na usinichore vibaya. Na kidoti changu usikisahau."

Watu wakacheka mpaka juisi ikawapalia. Mtu aliyekulia kwenye utani anajua maneno kama hayo yanaishia palepale yaliposemwa. Maganga kakulia ghorofani, utani kausikia kwa baba yake kama habari za zamani, na kumpata mtani wa kweli kulimfurahisha kupita kiasi. Aliyachukua yale maneno kama yalivyo, akaenda nayo kwa mchoraji, kisha kwa mchapaji.

Bi Ashatu akaacha mabungo majini, akajifunga khanga, akaenda ghalani na chupa mkononi. Njia nzima alikuwa akipanga matusi, mengine hakuwa ameyatumia tangu ujana wake. Maganga alipomwona akaruka kwa furaha.

"Mtani! Umejiona? Nimekuchora vibaya?"

"Wewe mtoto una wazimu? Nani kakupa ruhusa? Mimi ni mtu wa kuwekwa kwenye pombe? Una mama wewe?"

Maganga akawageukia wafanyakazi wake, macho yamemtoka kwa raha. "Jamani, mtani wangu kakasirika! Faini! Anatuletea jogoo!"

Wakapiga makofi. Wawili kati yao walikuwa Wazaramo wa Zinga, na hao ndio waliocheka zaidi, wasaliti wakubwa. Bi Ashatu akasema moyoni, nikiendelea nimeshindwa, nikinyamaza nimekwisha. Akageuka akarudi nyumbani, na matusi yake yote akarudi nayo bila kuyatumia.

Kwa Bi Wahida habari zilikuwa zimefika zamani. Bi Wahida ni mwenyekiti wa kamati ya akina mama ya Maulidi, mtu wa Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo, ukoo wa biashara, mwenye achari ya embe maarufu na sauti ya upole ambayo ikikukata hata damu huoni. Akamwita Bi Ashatu barazani kwake, mbele ya kamati. Mumewe, Alawi, alikuwepo pia, amekaa pembeni na kahawa, anasikiliza kama mtu asiyesikiliza.

"Ashatu mwenzangu," akaanza Bi Wahida, "hatuna ubaya na wewe. Lakini mwiko wa Maulidi haushikwi na mtu aliyeko baa."

"Kwani mimi niko baa?"

"Upo. Rafu ya juu kabisa, karibu na feni, umeshika kiuno."

"Nani aliyeniona?"

Wanawake wakatazama mikeka. Bi Wahida akamtazama mumewe, na Alawi akakohoa.

"Mimi nilipita tu," akasema. "Niliingia kuuliza njia."

Mtu kazaliwa Bagamoyo, kaoa Bagamoyo, ana mvi za Bagamoyo, kaingia kiwanda cha bia kuuliza njia. Na hakuna aliyecheka, maana wengine pale waume zao walikuwa wameulizia njia hiyohiyo.

"Basi mwiko utauleta Ijumaa," akasema Bi Wahida. "Mwaka huu nitashika mimi. Mpaka hilo jambo liishe."

"Na lisipoisha?"

"Mungu ni mwingi wa rehema," akajibu Bi Wahida, ambaye pilau lake huiva juu na kubaki na maji chini.

Siku hiyo Bi Ashatu alilia. Alikaa sakafuni chumbani, akauvuta mwiko kutoka uvunguni, akaulaza mapajani akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia. Alimlilia mama yake aliyemwachia kitu kimoja tu cha maana, naye amekipoteza kwa mdomo wake. Na lililomuudhi kuliko yote ni kwamba ile picha ilikuwa nzuri. Alikuwa ameibandua kwenye chupa, na alipoitazama tena aliona mwanamke mwenye uso wa mtu anayependwa. Maisha yake yote alipigwa picha za vitambulisho tu, zile zinazomfanya kila mtu afanane na mtuhumiwa. Masoud hakupata kumchora wala kumpiga picha hata kwa simu. Sasa mara ya kwanza anakuwa mzuri mbele za watu, iwe juu ya chupa ya bia? Akafuta machozi kwa khanga, akaificha lebo chini ya sanduku, akajilaani kwa kuificha.

Arafa alimkuta hapohapo. "Kwa nini usimshitaki?"

"Nimshitaki mtani? Nikachekwe mpaka Vigwaza?"

"Basi shangazi angefanyaje?"

Bi Ashatu akanyanyua kichwa. Shangazi yao alikuwa mtani wa kuogopwa. Alipofariki jirani yao Mnyamwezi, shangazi alikwenda makaburini, akashuka ndani ya kaburi lililochimbwa, akalala chali, akasema hatoki mpaka Wanyamwezi wamkomboe. Wafiwa walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja, na walimkomboa, maana mtani akiwa msibani ndiye mwenye amri.

"Msibani," akasema Bi Ashatu taratibu. Akaanza kucheka akiwa bado ana makamasi. "Arafa, waite watu wa Zinga. Waje na mikeka."

Ijumaa mwiko ukaenda kwa Bi Wahida; uzinduzi rasmi wa bia ya mabungo ulikuwa Jumamosi alasiri. Magari ya Dar yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, spika zinapiga muziki wa taratibu, na mlangoni limetundikwa bango kubwa la Bi Ashatu mwenyewe, urefu wa mtu mzima, kashika kiuno. Ghafla kikasikika kilio.

"Uwiii! Maganga wetu! Umetutoka ungali kijana! Mtani wangu mie, nani atanibebea mizigo sasa!"

Wanawake wa Kizaramo, hata wa kamati ya Maulidi, wakaingia kwa mstari, khanga zimefunika vichwa, mikeka kwapani. Wakaitandika palepale mlangoni, wakakaa, miguu wameinyoosha, wakalia kwa ufundi mkubwa. Basi nani atapita? Mtu wa Dar unaweza kumlaumu kwa mengi, lakini msiba anaujua. Wale wa miwani wakaivua. Mmoja akavua viatu akakaa mkekani. Dada mmoja aliyekuja kusikia udongo akalia machozi ya kweli, akisema marehemu alikuwa mcheshi sana kwenye mtandao. Mwingine akazungusha kofia kukusanya ubani, na Bi Ashatu akampokea vizuri, akamwambia Mungu atamlipa.

Maganga akatoka mbio. "Mimi ni mzima! Jamani, mimi niko hapa!"

"Maiti anasema!" Arafa akapiga ukelele. "Toba! Mfungeni kidevu!"

"Mtani, acha, nina wageni…"

"Marehemu hana wageni, wageni ni wa msiba. Lala."

"Bibi, hii ni biashara ya watu, mnaniharibia…" Sauti ilianza kupanda, na mishipa ya shingo ikaonekana.

Bi Ashatu akainua kidole juu. "Amekasirika! Mmeona wote? Mtani amekasirika! Faini!"

Wale wafanyakazi wawili wa Zinga wakapiga makofi tena. Nilisema ni wasaliti, lakini angalau hawana upendeleo. Maganga akatazama huku na huku, akaona hana pa kutokea, maana sheria ni yake mwenyewe, ndiyo aliyoishangilia. Akalala mkekani. Wakashusha bango, wakamfunika nalo gubigubi.

Bi Ashatu akasimama kumsifu. "Marehemu alikuwa mtu mwema. Babu yake alibeba meno ya tembo, yeye akabeba akili, akazisahau njiani. Alinipenda, akanitia kwenye chupa. Sasa amkeni tumzike, au yupo anayetaka kumkomboa?"

"Nataka mwenyewe," sauti ikatoka chini ya bango. "Semeni."

"Uso wangu utoke kwenye chupa. Zote. Lebo uzibandue wewe mwenyewe kwa mkono, si unapika kwa mkono? Na Mfungo Sita utabeba kuni za Maulidi na kuosha sufuria."

Bango likatikisika. "Nimekubali." Wanawake wakapiga vigelegele, marehemu akafufuka, muziki ukawashwa tena.

Yakaletwa mabeseni ya maji ya moto. Maganga akakaa chini, akaanza kulowesha chupa na kubandua lebo, jasho linamtiririka. Wanawake wakamtazama kidogo, wakaona anachelewesha, wakakunja mikono ya magauni wakamsaidia. Na hapo ndipo Bi Wahida alipotokea, kafunika kichwa, ana chetezo cha udi na birika la kahawa. Kaambiwa Maganga kafariki. Na pamoja na yote, jirani ni jirani.

Akakuta nusu ya kamati ya Maulidi imezamisha mikono mpaka viwiko kwenye chupa za bia.

"Astaghafirullah," akasema.

"Karibu, Bi Wahida," akasema Bi Ashatu. "Tunaondoa uchafu. Thawabu hizi, usizikose."

Bi Wahida akasimama, akafikiri. Kukaa ni aibu, na kuondoka ni kukosa kuona. Akaweka chetezo chini, akakunja baibui, akakaa. Akafanya kazi kwa bidii kuliko wote. Na Bi Ashatu, aliyekuwa mkabala naye, akaona mkono wa mwenyekiti ukichukua lebo moja iliyotoka nzima, ukaikausha kwa pindo la khanga, ukaitia kifuani. Bi Ashatu akainamia beseni. Alikuwa na yake nyumbani.

Maulidi yalifika, na Bi Wahida akamkabidhi mwiko mbele ya watu wote, kwa hotuba ndefu kuhusu kusameheana, yeye ndiye msamehevu. Bi Ashatu alipoushika alihisi uzito wake ule ule, akasema bismillahi, na machozi yakamtoka akausingizia moshi. Maganga alikuwa anashusha kuni na kanzu ya kuazima, fupi mpaka magotini, watoto wanamwita mpagazi. Bia yake ilikuwa inauzwa bila picha wala jina, chupa isiyo na lebo kama ya mafuta ya taa, na huko Dar walifurahi zaidi, wakasema ndiyo usanii. Hapa mjini kila anayeiagiza anasema, "Nipe Bi Ashatu." Basi.

Pilau lilikuwa limeanza kukauka, qaswida zinasikika kutoka upande wa wanaume, Bi Wahida alipomsogelea kama anayekuja kuonja chumvi. Akatazama nyuma. Akapunguza sauti ile ya upole mpaka ikawa haikati kabisa.

"Ashatu. Yule mchoraji wa Maganga… anachora na watu wa heshima?"

"Kwa nini?"

"Lebo ya achari. Kwenye chupa zangu za achari. Nilifikiri tu." Akashika kiuno bila kujua. "Mimi sijapata kuchorwa."

Bi Ashatu akamtazama. Akamwona mwanamke wa rika lake, kachoka, kajipaka wanja kidogo, anasubiri jibu kwa woga, na akamhurumia kweli, kwa muda wa kugeuza mwiko mara moja. Kisha akakumbuka siku aliyolia sakafuni na mwiko mapajani.

"Anachora," akasema. "Nenda tu pale kwa Maganga, mchana, ukabishe hodi."

"Pale kiwandani? Mimi sipajui pale."

"Usijali, shoga," akasema Bi Ashatu, akarudisha macho kwenye sufuria. "Mwulize mumeo njia."